Kuikatia Bima Mahari Yangu

Jumapili, 2 Februari

Mahamri kumi na mawili, mbaazi za nazi, chupa ya chai ya tangawizi. Nimepeleka vyote hangarini saa nne. Twaha alikuwa chini ya tumbo la ndege, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nimeijua mara moja. Siku ishirini na tatu za ndoa, na tayari ningeweza kuitambua miguu ya mume wangu kati ya miguu ya mafundi wote wa Malindi.

Mume wangu. Naandika tena kwa raha. Mume wangu.

Habari kubwa: mkaguzi kutoka Nairobi ameipitisha ndege! Ameipa kibali cha jaribio la kuruka. Mwisho wake Ijumaa, tarehe 28. Siku hiyo ikipita, ukaguzi unaanza upya, na mkaguzi amesema harudi huku mpaka katikati ya mwaka. Limebaki jambo moja tu, bima. Bila karatasi ya bima hairuhusiwi kuinuka hata dhiraa moja.

Nimeigusa ubavuni kabla ya kuondoka. Nyeupe, mstari wa kijani, viti viwili. Yangu.

Jumatatu, 3 Februari

Sokoni muuza bamia ameniita tena Bi Ndege. Nimeitikia. Nalipenda.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikasahau nikizeeka. Twaha aliinunua ikiwa mabaki, kwa Mwitaliano mzee aliyekuwa anarudi kwao. Bawa moja limevunjika, kuku wanatagia kitini. Miaka sita aliitengeneza kila siku ya mapumziko, baada ya kutengeneza za watu. Alipokuja kuniposa, makhalati, dada zake mama, wakaninong'oneza nitake seti ya dhahabu. Ami Bakari, nduguye marehemu baba na walii wangu wa ndoa, akaniuliza ninataka mahari gani. Nikasema nataka ndege yake. Nyumba nzima ilicheka. Khalati yangu mmoja akasema, "Na utaivaa shingoni au masikioni?"

Twaha hakucheka. Akasema, "Nimetoa."

Imeandikwa katika cheti cha ndoa: mahari, ndege moja ya viti viwili. Kweli ni kwamba sikuitaka ndege. Nilitaka kujua kama atanipa kile anachokipenda. Sasa nimeipenda na yenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Amekuja Bwana Kazungu, wakala wa bima. Mtu wa Marafa, suruali ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, na kofia ya pikipiki hakuivua mpaka alipopewa chai. Amewakatia watu bima za magari, maboti, na ng'ombe wa maziwa kule Mariakani. Ndege, hii ni ya pili.

Ameizunguka mara tatu. "Dada, ina umri gani?"

Nikamwambia imenizidi miaka kumi na minne.

"Na bwana je?"

"Bwana amenizidi minne tu."

"Basi mkubwa wenu nyote ni yeye," akaiamkia ndege shikamoo. Nimecheka mpaka nikashika nguzo.

Ameacha makaratasi ya kampuni tatu. Yote Kiingereza. Twaha kazi yake ni bolti. Kusoma ni kwangu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetoa kamusi yangu ya shule. Zimebaki kadi nyingi za mwaliko wa harusi, nyuma yake nyeupe, nimechukua tatu. Kila kampuni kadi yake. Mbele majina yetu kwa wino wa dhahabu, nyuma mambo ya ajali. Si vibaya. Ndoa nayo ina pande zake.

Kadi ya kwanza. Rahisi kuliko zote. Inalipa tukiwaumiza watu wengine au mali yao. Ndege ikiteketea, shauri yetu. Sisi tukiumia, shauri yetu.

Kadi ya pili. Ya kati. Ina hayo ya kwanza, na inailinda ndege ikiwa imesimama. Moto, dhoruba, mwizi. Injini ikishawashwa tu, ulinzi unakwisha. Nimesoma mara tatu nikidhani sikuelewa. Nimeelewa. Ni kama kumpa mtu mwavuli na kumkataza kutoka nje.

Kadi ya tatu. Bima kamili. Ardhini na angani, watu wengine, abiria, na rubani mwenyewe. Lakini ina masharti kama mama mkwe wa hadithini. (Wangu si hivyo. Mama yake Twaha ni sukari.) Rubani mmoja tu, aliyetajwa kwa jina. Viwanja vyenye kibali tu, si kila ufuo wa mchanga. Kila hasara, sehemu ya mwanzo tunabeba wenyewe. Na ada yake inauma.

Kutu haimo katika kadi yoyote. Kwa chumvi ya huku, wamefanya akili.

Jumamosi, 8 Februari

Twaha anataka kadi ya kwanza. Anasema bima ya kweli ni fundi mzuri. Mimi nataka ya tatu. Tumebishana tangu samaki mpaka tikiti maji, huku tumeshikana mikono. Sijui wengine hubishana vipi.

Ana saa mia na kumi na mbili za kuruka, zote kwa ndege za kuazima. Kampuni ya tatu inataka mia moja. Amepita! Nimembusu kwa kila saa iliyozidi. Kumi na mbili.

Meneja wa hoteli moja amesikia habari akaomba awe anapelekewa wageni Lamu kwa malipo. Nimemwonyesha Twaha ukurasa wa nne: matumizi ya binafsi tu. Ukichukua nauli hata mara moja, bima yote imekufa. Akaniangalia. "Hukunijulisha kwamba nimeoa wakili."

Nimevimba kichwa siku nzima.

Jumatatu, 10 Februari

Kadi ya tatu! Amekubali. Kilichomvuta si kusihi kwangu. Nilimwonyesha kipengele cha thamani. Kampuni mbili za mwanzo zingelipa bei ya sokoni ya siku hiyo, yaani bei ya chuma chakavu. Hii ya tatu, thamani mnapatana mwanzo na haibadiliki mwaka mzima. Na wamekubali kuihesabu kazi yake. Miaka sita ya mikono yake imeandikwa kuwa ina thamani. Akajifanya anatafuta kalamu.

Amejaza fomu mwenyewe mezani, kwa herufi kubwa za fundi. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga viazi vya karai. Kazungu amepita kuichukua, akala sahani mbili. Amesema jibu ni siku chache. Ninaimba.

Jumatano, 12 Februari

Kazungu ameleta nakala yetu ya fomu. Nimeisoma, maana mimi husoma hata karatasi ya kufungia njugu.

Swali la tisa. Je, kuna mtu mwingine yeyote mwenye haki au umiliki juu ya ndege hii?

Twaha ameandika: HAKUNA.

Nimekaa nayo sakafuni. Herufi zilezile kubwa. HAKUNA. Juu yake, mmiliki: jina lake peke yake.

Nimeumia. Siwezi kulipamba. Mwezi mmoja wa ndoa na mimi ni hakuna. Nimepika, nimepakua, changu sikukigusa. Ameniuliza kama nina homa. Nimesema ndiyo. Uongo wangu wa kwanza kwake.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwekea fomu kando ya kikombe. Kidole changu juu ya la tisa.

Ameisoma. Uso umembadilika. Alidhani wanauliza habari za benki, kama ndege ina mkopo. Na jina la mmiliki alilinakili tu kutoka daftari la usajili, ambalo bado ni lake kwa sababu hakuna aliyekwenda kubadilisha. Mkono uliandika bila kichwa. Miaka sita alikuwa akijibu kila fomu hivyo.

Nimemwamini. Nimelia hata hivyo. Akakaa chini na mimi, na nguo zake za kazi, na mafuta yake, akaniharibia dera la kijani. Doa halitoki. Sitaki litoke.

Tumempigia Kazungu.

Jumamosi, 15 Februari

Kazungu amevua kofia bila kupewa chai. Hapo nikajua ni zito.

Fomu ile ikibaki ilivyo, tumelipia hewa. Amesema, "Dada, kampuni hailali na uongo kitanda kimoja. Siku ya mkosi ndiyo watakayofungua faili, na cheti chenu cha ndoa kitawasomea kila kitu." Aliyekata bima si mwenye mali, hakuna fidia.

Na tukisema kweli? Kampuni ya kwanza na ya pili hazichukui ndege ambayo mwenyewe si rubani. Zimeanguka. Ile ya tatu huenda ikachukua, lakini lazima wakubwa wa Nairobi wakae wakubali. Wanataka ombi la kuhamisha usajili kwa jina langu, na cheti cha ndoa kama ushahidi. Huchukua wiki mbili, pengine zaidi.

Tuna siku kumi na tatu.

Twaha hakusita. "Andika kweli," akamwambia. Tumejaza upya. Mmiliki: Zuhura. Rubani: Twaha. Nimeitazama ile karatasi kama picha ya harusi.

Jumatatu, 17 Februari

Karani wa kampuni amepiga simu kuuliza kama neno ndege katika cheti ni kosa la mwandishi. Kazungu amemjibu, "Si kosa, ni bibi harusi." Amenisimulia huku anapiga magoti yake kwa kicheko.

Mimi nimecheka nusu. Siku zinakwenda.

Jumatano, 19 Februari

Ami Bakari amekuja kutuangalia. Amesikia. Mji wetu haufichi hata kikohozi.

Ana njia ya mkato, na si ya haramu. Mke akipenda kwa moyo wake, humsamehe mume mahari. Niandike mistari miwili, mashahidi wawili, ndege irudi kwa Twaha, na fomu ya kwanza inakuwa kweli. Kesho bima inatoka. "Mwanangu, wewe na yeye mmetengana? Chake si chako?"

Hakusema kwa ubaya. Ami hana ubaya. Lakini alipoondoka nyumba ilikuwa imepungua hewa.

Twaha yuko hangarini tangu alfajiri. Anaipangusa ndege isiyo na vumbi. Anaitamani anga kama mtu mwenye kiu, na hasemi. Angesema ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 20 Februari

Mambrui, kwa mama. Alikuwa anachagua mchele. Nimemweleza yote, na bima, na kadi tatu, na la tisa, na njia ya ami. Hakuinua kichwa.

"Mahari husamehewa kwa mapenzi. Haisamehewi kwa sababu ya fomu."

Basi. Akaniongezea mchele wa kuchagua.

Narudi Malindi na kichwa kizito. Maana kama ni mapenzi, ninayo! Ninayo ya kujaza hangari. Nitamnyima kuruka kwa sababu ya jina kwenye karatasi? Au jina ndilo lenyewe? Nampenda, na naitaka ndege yangu. Yote mawili ni kweli na leo hayakai pamoja.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeandika barua. Mimi Zuhura, nimemsamehe mume wangu mahari yangu kwa ridhaa. Mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne. Nimeipeleka hangarini badala ya mahamri.

Amesoma mstari wa kwanza, akaikunja. Hakuichana. Ameirudisha mkononi mwangu na kunifumba vidole.

"Sidai nisamehewe. Nilitoa."

Nikamwambia kibali kinakwisha Ijumaa.

"Na kiishe."

Nikamwambia mpaka katikati ya mwaka.

"Zuhura, nimengoja miaka sita iruke. Nitangoja. Lakini nikiruka kwa hii barua, kila nikiangalia chini nitakuwa nimekunyang'anya."

Hakuna shairi la mji wowote linalofika hapo. Nimeitia barua jikoni, kwenye makaa. Wali wa leo umepikwa nayo. Mtamu.

Jumatatu, 24 Februari

Kimya kutoka Nairobi. Kazungu hupiga simu kwao kila baada ya saa mbili. Anasema karani sasa humtambua kwa pumzi.

Nimefua pazia zote. Hazikuwa chafu.

Jumanne, 25 Februari

Kimya. Nimefua zilezile.

Twaha amenichekesha kwa kunivalisha vile visikizi vikubwa vya rubani na kuniuliza kama namsikia akinipenda. Sikusikia chochote. Ndivyo vilivyo vizuri.

Jumatano, 26 Februari

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Kazungu hakupiga simu. Nimeisikia pikipiki tangu njia kuu, honi moja ndefu mpaka mlangoni, majirani wote nje.

Wamekubali!

Bima kamili. Thamani ile ile ya mapatano. Rubani mmoja. Jaribio la kwanza la kuruka limetajwa ndani kwa mstari wake. Na sharti moja jipya, kwa kuwa mwenyewe na rubani ni watu wawili: kila safari lazima iwe kwa ruhusa ya mwenye ndege.

Kazungu ameisoma sentensi hiyo kwa sauti ya khatibu, kisha akamgeukia mume wangu. "Bwana Twaha, pole sana."

Nimepiga vigelegele mwenyewe kwa mambo yangu mwenyewe. Jirani amevidaka. Mtaa mzima ukadhani kuna posa.

Alhamisi, 27 Februari

Nimetia sahihi mara saba. Ya kwanza niliiandika polepole, ya saba ilikuwa na mkia wa madaha. Ami Bakari amekuja kuwa shahidi. Ameiangalia karatasi kwa muda mrefu kwa miwani, akaniambia, "Babako angetembea nayo msikitini awaonyeshe watu." Nimemmiminia chai.

Ninaogopa kesho. Niliandike wazi. Nimesoma kurasa ishirini na sita zinazoeleza kila namna ya kuanguka. Kwa kila namna kuna fidia. Hakuna ukurasa unaomrudisha mtu.

Ijumaa, 28 Februari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Jaribio la kwanza rubani huenda peke yake. Sheria. Nimesimama na Ami, Mama, Kazungu na kofia yake.

Twaha amekuja mpaka nilipo. Akasimama wima kama askari.

"Mwenye ndege, naomba ruhusa."

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema hapana, lazima iwe kwa mdomo, bima inataka. Nikasema, "Nenda, urudi."

Injini. Vumbi. Ikakimbia, ikakimbia, nikawa nimemshika Kazungu mkono badala ya mama. Na mara kukawa na nafasi chini ya magurudumu. Nafasi ndogo, nyembamba, halafu kubwa. Imeruka! Mahari yangu ilikuwa juu ya minazi, mstari wa kijani unang'aa, na ndani yake mtu wangu.

Dakika kumi na nane. Ikazunguka mara mbili, ikaenda mpaka karibu na bahari, ikarudi. Sikupumua vizuri mpaka gurudumu la tatu lilipogusa changarawe.

Ameshuka. Nimesema mengi, siyakumbuki. Mama alikuwa akimpangusa jasho kama mtoto. Kazungu ameomba shikamoo yake ifikishwe tena kwa mkubwa wetu.

Furaha kama hii sijui huwekwa wapi mwilini. Nimekula mara nne leo.

Jumanne, 4 Machi

Mfungo wa Ramadhani. Nyumba tulivu. Nimeloweka kunde, nimekuna nazi.

Baada ya alasiri Twaha ametoka chumbani amevaa viatu vya kurukia. Alitaka nusu saa tu, mpaka Mambrui na kurudi. Ameniuliza.

Nimetoka uani nikaangalia. Kaskazi ilikuwa kali, makuti ya jirani yanapigana. Nimerudi nikamwambia hapana. Leo upepo.

Nilidhani atabisha. Anaujua upepo kuliko mimi.

Amekaa kwenye kibao, akafungua kamba za kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Akanawa mikono. Akachukua kisu na bamia, akaanza kukata. Vipande vikubwa mno, lakini sikumwambia.